Yoga Juu ya Mswala

Ninakuandikia wewe uliye kwenye benchi la mbao nje ya chumba cha daktari wa mazoezi, unayekalia tako moja kwa sababu la pili halikubali. Benchi hilo nimelikalia tangu katikati ya kiangazi mpaka korosho zilipoanza kuanguka. Najua hata ule msumari uliojitokeza upande wa ukutani, kwa hiyo sogea kidogo. Mimi nimepona, kwa kadiri mtu wa umri wangu anavyopona. Natembea, nabeba nusu ndoo, nalala kwa ubavu ninaoutaka. Nitakueleza nilivyopona, ila katikati ya maelezo kuna aibu, na siwezi kuiruka kwa kuwa imemgharimu mwenzangu mguu.

Jina langu Tatu. Nimezaliwa Mohoro na nimeolewa Umwe, na nimeishi na mume wangu Bakari miaka mingi kuliko niliyoishi na wazazi wangu. Kazi zangu ni mbili, mpunga bondeni wakati wa mvua na kusuka mikeka na miswala ya ukindu miezi mingine. Zote ni kazi za kuinama. Mtaani wananijua kwa ulimi. Nasema sana, nacheka watu sana, na kwenye darasa la dini la akina mama mimi ndiye niliyekuwa nakaa nyuma karibu na mlango ili niwahi kutoka. Hilo lijue mapema, maana baadaye nilikuja kusifiwa kwa kitu kingine kabisa.

Siku yenyewe tulikuwa tunapalilia mpunga, mimi na Somoe. Somoe ni jirani yangu, ua wake na wangu ni mmoja, na ni shoga yangu tangu tulipokuwa mabibi harusi. Niliinama kung'oa jani moja tu, si hata jani gumu, na sikuinuka tena. Kiuno kilikamata, kisha kitu kikashuka mguu wa kulia mpaka kwenye kidole gumba.

"We Tatu, umedondosha hereni?" Somoe akauliza.

Nilitaka kumjibu jambo la kuchekesha ila nililia. Alipoona machozi aliacha jembe akapiga yowe la kumwita Bakari. Nilitolewa shambani juu ya baiskeli, nimelazwa kifudifudi kwenye kiti cha nyuma, Bakari anasukuma mbele na Somoe ananishika makalio nisidondoke. Barabara nzima ilituona. Nilidhani hiyo ndiyo itakuwa aibu kubwa ya ugonjwa huu.

Miezi ya kwanza ilipita kwa tembe na sindano. Niliamka asubuhi nikitafuta mguu wangu kitandani kwa mkono, kwa kuwa ganzi ilinifanya nisijue upo wapi. Kandambili ya kulia ilinivuka njiani na mimi nikaendelea kutembea, mpaka mtu anikimbilie nayo mkononi. Paja likapungua nyama. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, nami kuchuchumaa sikuweza, basi Bakari alitoboa kiti cha zamani katikati, akaweka ndoo chini, na kila asubuhi akaimwaga mwenyewe bila kusema neno. Alinifulia nguo za ndani akazianika nyuma ya nyumba, mahali ambapo dada zake hawapiti. Alipika bada, ugali wetu wa muhogo, ikawa na madonge, nami, badala ya kushukuru, nilimwambia hata mbwa angeisusa. Alinyanyuka akala nje. Ninayaandika haya kwa sababu maumivu yakikuzidi utakuwa mkali kwa yule yule anayekuoshea ndoo, na ningependa ukumbuke kumwomba radhi mapema kuliko mimi.

Sala niliisali kwenye kiti, kwa kuinamisha kichwa. Dini inaruhusu na hakuna aliyenisema. Lakini nilikosa kugusa ardhi kwa paji la uso. Sikuwahi kudhani ni kitu ambacho mtu anaweza kukikosa mpaka kiliponitoka.

Kiangazi kilipokuwa katikati, daktari aliyenipima alisema dawa zimefanya zilipofika, sasa niende kwa mwenzake wa mazoezi. Huyo alikuwa binti anaitwa Neema, mwembamba, kiatu cha raba, anacheka na kila mtu. Kabla hajanigusa alinipa sharti moja. "Mama, nisikilize vizuri. Ukihisi ganzi kule unakokalia, katikati ya mapaja, au mkojo ukikutoka bila wewe kujua, usingoje tarehe yako. Njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni Jumapili." Alinifanya nilirudie mara mbili. Nawe lirudie.

Kisha akatoa simu, akaniwekea video. Alikuwepo mwanamke wa Kizungu ndani ya chumba cha vioo, suruali imembana mpaka kitovu kinaonekana, muziki unalia taratibu. Akapiga magoti, akanyoosha mikono mbele, akashusha paji la uso mpaka chini. Akainuka akawa kwa miguu minne, akapinda mgongo juu, akaushusha. Akalala kifudifudi akainua kifua.

"Hii inaitwa yoga," Neema alisema. "Tumechagua machache yanayofaa mgongo wako. Hili la paka, hili la mtoto, hili la nyoka. Na kupumua polepole."

Nilikuwa nimeyaona hayo kabla Neema hajazaliwa. Mohoro, nyumba iliyopakana na duka la baba yangu ilikuwa ya Mzee Kanji, Mhindi wa Kibaniani aliyeuza vitambaa na mafuta ya taa. Kila alfajiri, kabla hajafungua duka, alioga, akatandika kitambaa cheupe uani, akalikabili jua. Alikunja miguu, akapumua kwa tundu moja la pua, akainama, akainuka, akalala chini, akainuka tena. Midomo ilikuwa inasema kitu. Mimi nilikuwa na miaka minane, nikachungulia kwenye ua wa makuti, nikawaita wenzangu, nikawa namuigiza nyuma ya ua huku wao wanaangua kicheko. Baba alinikuta akanishika sikio. "Yule yuko kwenye sala yake," alisema. "Mtu akiwa mbele ya Mola wake hachekwi, hata kama humjui Mola anayemwita." Mzee Kanji aligeuka akatutazama, kisha akaendelea.

"Hii ni sala ya Wahindi," nilimwambia Neema.

"Hapana, mama. Ni mazoezi tu. Watu wanafanya hata gym, Dar zimejaa. Wengine kwa mgongo, wengine kupunguza tumbo."

"Na Mungu wao wamemweka wapi?"

Alicheka akidhani natania. "Hapo mimi sijui, mama. Mimi nilifundishwa misuli."

Alinipa karatasi yenye picha, akasema nifanye kila siku, asubuhi jua likishapanda, mwili ukiwa umepata joto. Nikaikunja nikaificha kwenye sidiria.

Sasa njoo uone nyumba yangu. Vyumba viwili, kimoja kimejaa magunia ya mpunga na miganda ya ukindu. Mahali pekee penye sakafu sawa pa kujinyoosha ni baraza, na baraza yangu inatazama njia ya kwendea kisimani. Nikifanya yale pale, akina mama wataniona. Watauliza. Nitasema ni yoga, na kabla ya adhuhuri Umwe nzima itakuwa inasema Tatu anaabudu Kibaniani, au Tatu amebong'oa barazani kama Wazungu wa kwenye simu. Mimi ndiye ningewasema hivyo kama angefanya mwingine. Naujua ulimi wangu, kwa hiyo niliziogopa ndimi za wenzangu.

Nikachukua mswala niliousuka mwenyewe, ule mzuri wenye mistari ya zambarau, nikautandika barazani. Nikajifunika khanga kichwani. Nikajielekeza kibla. Nilijiambia mswala ni laini kuliko sementi, khanga ni kwa ajili ya jua, na kibla ndiko baraza ilikoelekea. La nyoka nililifanya ndani kati ya magunia, kwa kuwa hakuna sala ya kulala kifudifudi ukainua kifua. Utaona kwamba akili yangu ilikuwa inajua inachofanya.

Siku ya nne au ya tano nilikuwa nimeinama lile la mtoto, paji la uso limegusa ukindu. Ndiyo, paji langu lilirudi ardhini baada ya miezi yote ile, na lilirudi kwa ajili ya mgongo, si kwa ajili ya Mola. Nikasikia hodi ya Somoe, kisha nikasikia ameikata hodi katikati. Akajisemea kwa sauti ya chini, "Kumbe yuko kwenye sala," akatua beseni lake polepole akangoja.

Ningeinua kichwa nikasema, njoo shoga, nanyoosha mgongo tu. Maneno matano. Badala yake nilibaki chini, nikavuta pumzi kama Neema alivyonifundisha, nikainuka nikakaa, nikageuza uso kulia nikatoa salamu ya kufunga sala, nikageuza kushoto nikatoa salamu. Sala nzima sikuisali, sikuwa na nia, sikuwa na udhu. Salamu zote mbili nilizitoa.

Somoe alinitazama kama mtu aliyekuta jambo zuri kwa bahati. "Dhuha, Tatu? Sunna ya asubuhi, na kiuno hicho?"

"Tunajitahidi," nikasema.

Kutoka hapo sikuhitaji kufanya lolote zaidi, mtaa ulifanya wenyewe. Somoe alimwambia mwenzake kisimani, mwenzake akamwambia mwalimu wetu wa darasa, na mwalimu akanitaja mbele ya wote, kwamba yuko mwenzenu mgonjwa asiyeikosa dhuha na sijda zake ni ndefu mpaka chai inapoa. Wanawake waligeuka kunitafuta karibu na mlango. Nikainamisha uso, nao wakadhani ni unyenyekevu. Nilinunua tasbihi, na tasbihi ile nilihesabia pumzi. Watu waliokuwa wanapita njia wakishindana kusema walishusha sauti wakifika kwangu. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kuyapenda. Nilikuwa nimechoka kuwa yule mama wa kiti chenye tundu.

Mgongo nao ukaanza kuitika. Ganzi ilipanda kutoka kidole gumba ikaishia kwenye kisigino, kisha ikawa inakuja na kuondoka. Kandambili ikakaa mguuni. Siku niliyochuchumaa chooni mwenyewe nilimwita Bakari kwa furaha akadhani nimeanguka, akaja mbio na taulo. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mtaani wakasema sijda imemponya.

Bakari alikuwa anajua. Mtu anayekumwagia ndoo miezi minne humfichi karatasi ya picha. Ijumaa moja alirudi msikitini, akavua kofia, akakaa nayo mkononi muda mrefu.

"Leo nimepewa hongera," alisema. "Wazee wawili. Wanasema nina mke mcha Mungu, wakaniombea dua Mungu akuzidishie. Nimeshindwa kuitikia amina."

"Ungeitikia tu."

"Ningeitikia nini, Tatu? Sala gani?"

Nilimwambia anaona wivu kwa kuwa yeye hasifiwi. Alilala ametazama ukuta, na siku zilizofuata alinisaidia kila kitu bila kunitazama usoni. Ndoa ina baridi yake, na hii niliileta mwenyewe.

Korosho zilipoanza kuiva, mguu wa Somoe ukaanza. Wa kushoto. Aliniambia kwa woga, akinionyesha kwa kidole pale pale panapoanzia, nami nilijua kabla hajamaliza. Nilimwambia aende hospitali, na alikwenda akapewa tarehe ya kurudi kwa Neema. Tarehe hiyo aliiacha ipite.

"Mungu aliyekuponya wewe kwenye mswala atashindwa na mimi?" alisema. Alikuwa amekaa barazani kwangu, juu ya sakafu ile ile. "Nimeanza dhuha. Nasujudu nakaa chini mpaka naona kizunguzungu. Wewe mwenyewe hospitali si uliacha?"

"Naenda kupimwa presha tu," nikasema.

Hilo halikuwa kunyamaza tena. Lilikuwa neno zima, limetoka mdomoni. Nikaongeza, "Usiiache hospitali, shoga," lakini nililisema kwa sauti ya mtu anayetoa salamu za njiani, naye akalisikia hivyo hivyo.

Kweli niliyoificha ilinisumbua kwa upande mwingine kwanza, upande usio na gharama. Nikajiuliza kama hata mazoezi yenyewe ni halali, nikaona nikajue kwa wenyewe. Ramila, binti wa Mzee Kanji, ana duka la vitambaa Kibiti, na nimenunua khanga kwake maisha yangu yote. Siku moja nikitoka kwa Neema nilipita kwake. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya kupimia, nywele nyeupe, miwani imening'inia kifuani. Nilimtolea karatasi ya picha.

Aliitazama muda mrefu, akacheka kidogo. "Baba angefurahi kukuona wewe na hii."

"Nimekuja kukuuliza, Ramila. Hii ni sala yenu au si sala yenu?"

"Ilikuwa." Aliikunja karatasi vizuri akanirudishia. "Baba hakutufundisha kukaa hivi hata siku moja kabla hatujayashika makatazo. La kwanza, usidhuru kiumbe. La pili, usiseme uongo. Yapo mengine, usiibe, usitamani, mengi. Kukunja miguu kulikuja baadaye, na kazi yake ilikuwa moja tu, mwili usikusumbue utakapokaa kimya mbele ya Mungu."

"Na mgongo?"

"Mgongo ulipona njiani. Hakuna aliyeanza kwa ajili ya mgongo." Akainuka akafungua kabati, akanionyesha kitu cha mpira kilichokunjwa juu kabisa. "Mjukuu wangu yuko Uingereza. Anaenda darasani kujifunza yoga, anafundishwa na msichana wa huko, nyumba ina vioo pande zote. Akaniletea mkeka wao, zawadi. Umechorwa mungu wetu, yule mwenye kichwa cha tembo, katikati, pale hasa panapokanyagwa. Mtoto hakujua. Kukanyaga siwezi, kutupa siwezi. Upo hapo juu."

Nikainua macho nikautazama ule mpira uliokunjwa.

"Ninyi mnaogopa kwamba ni dini yetu," alisema. "Mimi kinachoniuma ni kwamba si dini tena. Fanya mazoezi yako, Tatu, upone. Aliyemtoa Mungu ndani yake si wewe."

Pale ndipo nilipomwambia nilivyokuwa namuigiza baba yake. Sijui kwa nini nilichagua hilo. Labda ni dogo, mtu akiwa na deni la kusema huanza na dogo.

"Alijua," Ramila alisema. "Alituambia mezani, yule mtoto wa jirani ana mgongo mzuri, unapinda vizuri kuliko wangu."

Njia nzima ya kurudi Umwe nililia ndani ya basi, abiria wakadhani nimefiwa. Nilikuwa nalielewa jambo langu kwa mara ya kwanza. Wale wa vioo walichukua sala ya watu wakamtoa Mungu wakabakisha kunyoosha. Mimi nilichukua kunyoosha nikafunika kwa Mungu nisiyekuwa nazungumza naye. Wao angalau hawakumdanganya jirani. Na yale mawili ya mwanzo ya Mzee Kanji, uongo na madhara, nilikuwa nayafanya yote mawili kwa wakati mmoja, juu ya mswala, nimeelekea kibla.

Ungedhani nilishuka basi nikaenda moja kwa moja kwa Somoe. Sikwenda. Nilimwona uani kwake anajikokota na fagio, nikaingia ndani. Nilijiambia kesho. Kesho nikasema Ijumaa. Kila siku iliyopita iliongeza aibu, maana sasa ningelazimika kueleza pia kwa nini sikusema jana. Siku kumi na mbili zilipita hivyo, nazihesabu kwa kuwa naulizwa juu yake kila ninaposujudu.

Alhamisi alasiri tuliitwa kwa Somoe. Mguu ulikuwa umemlaza kabisa, na akina mama wa darasa walikuja kumsomea Yasini. Chumba kilijaa. Somoe alikuwa kitandani, amepakwa mafuta, uso umemchongoka. Nilitaka kukaa mlangoni wakanivuta mbele. Waliposoma wakamaliza, mwalimu akanigeukia. "Dua atuongoze Bi. Tatu. Yeye Mungu ameshamsikia kwa maradhi haya haya."

Mikono yote iliinuka. Yangu pia. Somoe akanivuta khanga nikainama, akaninong'oneza sikioni.

"Shoga, mkojo unanitoka tangu asubuhi na sijui unatoka saa ngapi. Huku chini sihisi kitu. Nimeona haya kuwaambia. Niombee na hilo."

Mikono yangu ikashuka yenyewe.

"Anapelekwa hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

"Tumalize dua kwanza," mwalimu akasema kwa upole.

"Mimi sina dua." Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mimi dhuha sijaisali hata siku moja. Yale mnayoyaona barazani ni mazoezi ya mgongo, nimefundishwa hospitali, yanaitwa yoga, yametoka kwa Wahindi. Presha sina. Nilikuwa naenda kwa daktari wa mazoezi mwezi hadi mwezi. Niliponea huko, na huyu nimemwacha aamini ameponea mswalani mtu asiyesali."

Hakuna aliyeteremsha mikono. Nadhani walisahau kuwa wameiinua. Nyuma mtu alicheka, kile kicheko cha woga, akajiziba mdomo. Somoe alikuwa ananitazama kutoka kwenye mto.

"Mbona ulitoa salamu?" aliuliza. "Siku ile. Nilikuona. Kulia na kushoto."

"Nilikuwa nakudanganya."

Aligeuza uso ukutani. Mimi nilitoka nje kumwita Bakari alete bajaji, na Bakari hakuniuliza kitu, alikimbia na umri wake wote. Tulimlaza Somoe kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine mwenye kukaa pale. Safari nzima hakunitazama. Alisema mara moja tu, "Usinishike kichwa," nikaondoa mkono.

Hospitali walimpeleka Dar siku hiyo hiyo, akapasuliwa. Mkojo alirudishiwa, alhamdulillahi. Mguu haukurudi wote. Daktari alimwambia angewahi ungerudi, naye aliniletea maneno hayo kama yalivyo, kupitia kwa binti yake, ili niwe nayo.

Vuli yote Somoe hakusema nami. Nilipeleka uji ukarudishwa umefunikwa vile vile. Darasani sikuenda kwa muda, kisha nikaenda nikakaa mlangoni, mahali pangu. Wengine walinisogelea, wengine walivuta khanga zao zisiguse za kwangu. Mwalimu alikuja nyumbani wiki moja baadaye, nikajiandaa kuonywa, na kweli akanionya vizuri sana, kisha akakohoa akauliza kama lile la paka linafaa kwa kiuno cha mtu mzima kama yeye. Nilimwonyesha.

Asubuhi ya siku iliyofuata ile Alhamisi, nilipotoka barazani, sikuukuta mswala. Bakari alikuwa ameukunja akauingiza ndani, juu ya sanduku la nguo, na mahali pake ametandika turubai la kuanikia mpunga. Alikuwa amekaa pembeni anachonga mpini, akainua kichwa akanitazama usoni. Siku hizi mazoezi nayafanya nje na sala naisali ndani, mlango umefungwa. Sijda yangu ya kwanza ya kweli niliifanya chumbani kati ya magunia. Nilikaa chini muda mrefu na sikupata neno la kusema zaidi ya astaghfirullahi. Na nikifika kwenye salamu, nikigeuka kulia, namwona Somoe amesimama na beseni lake ananingoja. Sidhani ataondoka pale.

Basi wewe wa benchi, fanya unayofundishwa, na ukiulizwa unafanya nini, sema. Ukihisi ganzi kule nilikokuambia usimngoje mtu, hata anayekuombea.

Masika yalipoanza kunukia, asubuhi moja nilisikia fimbo kwenye ua. Somoe alikuja mpaka kwenye turubai akasimama, mguu wa kushoto umeburuta mstari mchangani kutoka kwake hadi kwangu. Nilimtandikia upande wenye kivuli. Tangu siku hiyo anakuja kila siku jua likishapanda, na kila siku, kabla hajakubali kushuka, husimama barazani panapoonekana na watu wa kisimani akaniuliza kwa sauti ya juu:

"Bi. Tatu, leo tunasali au tunanyoosha?"

"Tunanyoosha."

"Sikusikii."

"Tunanyoosha!" nasema, mpaka wale wenye ndoo wageuke.

Ndipo hunipa mkono nimshushe.